Ugomvi, vyeo na urafiki katika makundi ya kima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kima mnaowazungumzia ni akina nani? Sokwe wamo?

Kiswahili kina majina mengi ya wanyama hawa, na tunayatumia ovyo. Nyani ni yule mkubwa mwenye pua ndefu kama ya mbwa, anayeshinda chini kuliko mtini. Tumbili, ambaye wengine humwita ngedere, ni mdogo mwenye uso mweusi. Mbega ana manyoya marefu na kidole gumba kilichobaki kama kibonge tu. Makaki wako Asia, isipokuwa wa aina moja wanaoishi kaskazini mwa Afrika. Hapa "kima" ni jina la wote hao na jamaa zao kwa pamoja. Sokwe hawamo, maana hawana mkia na siasa zao ni nyingine. Tabia ya spishi fulani tunaitaja kwa jina la spishi hiyo, kwa sababu kosa linalorudiwa zaidi katika mada hii ni kumchukua nyani na kumvisha sura yake kila mwenye mkia.

Wanagombania nini hasa?

Chakula kinachoweza kukaliwa, majike walio tayari kupandwa, na nafasi.

Neno muhimu hapo ni "kukaliwa". Mkuyu mmoja uliozaa, mmoja anaweza kuukalia na kuwafukuza wengine. Nyasi haziwezi kukaliwa. Ndiyo maana gelada wa nyanda za juu za Ethiopia, ambao chakula chao kikuu ni nyasi, hukusanyika kwa mamia wakichuma bega kwa bega bila zogo kubwa. Ukimwaga mahindi mahali pamoja mbele ya kundi lolote umetengeneza mkuyu wa bandia, na vita utakavyoviona umevileta wewe.

Nafasi husahauliwa mara nyingi. Anayekaa katikati ya kundi ana macho mengi ya kumwonea chui, lakini wa pembeni anajitegemea. Kuna kivuli cha mchana na tawi la kulalia. Na kuna nafasi ya kukaa karibu na mwenzako fulani: jike wa cheo cha juu anaweza kuwafikia wawili wanaochambuana manyoya, akamwondoa mmoja kwa kumtazama tu, kisha akaketi yeye mahali pale. Hapo kinachogombaniwa ni rafiki.

Mbona kelele ni nyingi lakini damu ni chache?

Kwa sababu ya chonge. Dume la nyani lina chonge za juu zinazojinoa kwenye jino la chini kila anapofunga mdomo. Wawili wakishikana kweli wote wanaweza kuondoka na majeraha, hata yule aliyeshinda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ugomvi huishia kwenye ishara: mmoja anakodoa macho, mwingine anainuka na kusogea. Ukiona damu, mara nyingi mojawapo ya mambo haya limetokea: wawili wana nguvu sawa na hakuna anayejua nani mkubwa, au dume mgeni ameingia, au cheo kilichokuwa kimetulia kimetikiswa.

Cheo kinapatikanaje? Kwa nguvu?

Kwa madume wa nyani, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwa majike wa nyani, tumbili na makaki wengi, hapana. Kwao cheo hurithiwa.

Binti hushika nafasi moja chini ya mama yake. Dada wakiwa wengi, mdogo hukaa juu ya mkubwa. Kanuni hii ilielezwa na Shunzo Kawamura mwaka 1958 kwa makaki wa Japani. Chukua mama A mwenye mabinti watatu kwa mpangilio wa kuzaliwa: B, C, D. Wakishakua, foleni ya ukoo husomeka A, D, C, B, na ukoo mzima huwa juu au chini ya ukoo wa jirani.

Namna inavyojengwa inafurahisha kuitazama. Mtoto wa miezi michache anachezea mkia wa jike mkubwa wa ukoo wa chini. Jike anamkodolea macho, mtoto analia, mama anakuja mbio, shangazi na bibi nyuma yake. Hata majike wasio ndugu, wakiwa wa cheo cha juu, humuunga mkono mtoto wa mkubwa dhidi ya mtu mzima wa chini. Likirudiwa mara nyingi vya kutosha, yule jike hangoji tena kilio: anamwona mtoto tu, anasogea. Hatimaye unamwona binti mdogo akimwinua mtu mzima mwenye uzito maradufu ya wake, na hakuna aliyepigwa.

Na kwa nini mdogo ampite dada yake? Kwa sababu wawili hao wakigombana mama humtetea aliye dhaifu zaidi.

Kanuni huvunjika pale inapokosa watetezi. Mama akifa mapema kabla binti hajathibitishwa, binti anaweza kushuka. Ukoo ukipungua hadi majike wawili watatu, ukoo wa chini wenye wanawali wengi unaweza kuupindua kwa siku moja, na hayo ndiyo mapigano mabaya kuliko yote ya majike. Katika makundi mengine pia dada mdogo hapandi kabisa.

Madume wana njia nyingine, kwa kuwa wengi huhama kundi walikozaliwa wakishabalehe. Dume la nyani hufika kundi jipya likiwa limekomaa mwili tu, hupanda haraka, hushika kilele kwa muda, kisha huanza kuteremka kadiri vijana wanavyofika. Makaki wa rhesus hufuata zaidi utaratibu wa foleni: mgeni huingia mkiani, na hupanda waliomtangulia wanapokufa au kuhama.

Je, wanajua vyeo vya wenzao, au kila mmoja anajua chake tu?

Wanajua vya wenzao. Katika delta ya Okavango, Botswana, Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walificha spika vichakani na kuwachezea nyani sauti zilizorekodiwa: mkoromo wa vitisho wa mmoja, mayowe ya kushindwa ya mwingine. Mpangilio ulipokuwa wa kawaida, mkubwa akitisha na mdogo akilia, wasikilizaji walitupa jicho na kuendelea na yao. Ulipopinduliwa walikaza macho upande wa spika kwa muda mrefu zaidi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yaliongeza jambo lingine: mapinduzi kati ya koo mbili yaliwashtua kuliko mapinduzi ndani ya ukoo mmoja. Kichwani mwao, basi, kuna orodha ya vyeo na orodha ya koo, na wanazisoma zote mbili kwa pamoja.

Nataka kuandika vyeo vya kundi ninalolifuatilia. Nianzeje?

Kwanza watambue mmoja mmoja. Tumia vitu visivyobadilika: ncha ya sikio iliyochanika, mkia uliopinda, kidole kilichokosekana, kovu la mdomo. Ukubwa na rangi ya manyoya vitakudanganya, maana mvua hubadilisha vyote viwili. Usianze kuhesabu chochote kabla hujaweza kumtaja kila mtu mzima bila kufungua daftari.

Kisha rekodi kitu kimoja tu: nani amemwondoa nani. A anamkaribia B, B anainuka na kumpisha, umeshapata tukio. Chora jedwali lenye majina yote kushoto kama washindi na majina yale yale juu kama walioshindwa, na weka alama moja kwenye kisanduku kwa kila tukio. Baadaye yapange majina upya mpaka alama nyingi ziangukie juu ya mstari wa kati unaoteremka kutoka kushoto kwenda kulia. Huo ndio mpangilio wako. Alama zilizobaki chini ya mstari usizifute, kwa sababu ndizo zinazokuonyesha mahali cheo kinapotikisika.

Watu hukosea kwa njia zile zile. Wa kwanza humchagua mwenye kelele, kumbe anayepiga kelele sana mara nyingi ni yule ambaye hajiamini. Wa pili hutupa ndizi moja katikati na kumtawaza aliyeichukua, na hapo amepima njaa na ujasiri mbele ya binadamu, cheo hakijapimwa. Wa tatu humtazama yule anayempendeza. Tatizo hili la mwisho ndilo lililomfanya Jeanne Altmann, aliyeanzisha na Stuart Altmann utafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, mwaka 1971, aandike mwaka 1974 utaratibu ambao bado unatumika: andaa orodha ya majina, ichanganye, chukua jina la kwanza, mfuate huyo peke yake kwa dakika zilizopangwa, tuseme 10, andika kila anachofanya na anachofanyiwa, kisha nenda kwa anayefuata hata kama upande wa pili kuna vurugu tamu. Akipotea machoni andika amepotea saa ngapi. Usimbadilishe na aliye karibu.

Nyuso zao zinasema nini?

Kukodoa macho ni tishio karibu kwa spishi zote. Nyani na makaki huongeza kuinua nyusi hadi kope, ambazo ni nyeupe au za rangi hafifu, zinaonekana kama taa. Dume likipiga miayo mbele ya mpinzani halina usingizi, linaonyesha chonge.

Kupigapiga midomo haraka haraka, kama anayetafuna kitu kisichokuwepo, ni salamu ya amani: "nakuja, sina neno". Utaiona kabla ya kuchambuana, kabla ya kumgusa mtoto wa mwenzake, na mara nyingi baada ya ugomvi.

Kuonyesha meno yaliyofungwa, midomo ikiwa imevutwa nyuma, ndiko kunakowapoteza watu wengi. Kwa makaki wa rhesus ni unyenyekevu wa mdogo kwa mkubwa, na picha nyingi za "kima anayecheka" ni picha za kima mwenye hofu. Lakini kwa makaki wa Tonkea, wa kisiwa cha Sulawesi, ishara hiyo hiyo ni ya urafiki, na hata mkubwa humwonyesha mdogo.

Kuchambuana manyoya ni usafi au urafiki?

Ni vyote viwili.

Upande wa usafi kwanza. Sogea karibu uone: mchambuaji anatenganisha manyoya kwa mkono mmoja, anaushikilia mfereji aliouchora, na kwa mkono wa pili anakwangua ngozi kwa ukucha. Akikuta kupe au gamba la ngozi hulinyofoa kwa vidole au kwa midomo, na hulila. Kazi kubwa huwa kwenye kisogo, mgongo na shingo, sehemu ambazo mwenyewe hazifikii. Huko Amboseli nyani wazima waliochambuliwa zaidi walikutwa na kupe wachache zaidi.

Lakini kupe hawaelezi muda wote unaotumika. Baadhi ya makundi hutumia hadi sehemu ya tano ya mchana kwenye kazi hii, na wanachambua hata ngozi isiyo na kitu. Mapigo ya moyo ya anayechambuliwa hushuka, na mwili hutoa endofini, kemikali zake za kuleta utulivu. Unaliona hilo kwa macho: taya linalegea, mkono unaning'inia, anageuzwa kama gunia naye hajali. Mnyama mwenye chonge kali amemwachia mwenzake shingo. Hakuna uthibitisho mkubwa wa imani kuliko huo.

Halafu kuna biashara. Mkono mtupu haulambwi, na tumbili wanalijua hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa Afrika Kusini, jike wa cheo cha chini alifunzwa kufungua chombo chenye tufaha ambacho wengine hawakuweza kukifungua. Ghafla akawa anachambuliwa kuliko zamani, bila yeye kuwajibu kwa kiasi kile kile. Jike wa pili alipopewa uwezo huo, malipo ya wa kwanza yakashuka.

Malipo mengine ni ruhusa ya kumshika mtoto. Mtoto mchanga wa nyani ana manyoya meusi na kila jike anataka kumgusa. Mgeni hukaribia akikoroma taratibu, humchambua mama kwanza, kisha mkono wake mmoja huteleza hadi kwa mtoto. Watoto wakiwa wachache kundini, mama huchambuliwa kwa muda mrefu zaidi kabla ya ruhusa kutoka. Na kuna malipo ya deni. Tumbili wa Amboseli walichezewa sauti ya kuomba msaada ya mwenzao asiye ndugu, na waliijali zaidi kama mwenzao huyo alikuwa amewachambua muda mfupi uliopita. Kwa ndugu uchambuzi wa karibuni haukubadilisha kitu, ndugu anajaliwa vyovyote.

Dume na jike wanaweza kuwa marafiki bila kupandana?

Ndiyo. Kati ya nyani wa Okavango jike mwenye mtoto anayenyonya hujishikiza kwa dume fulani, humfuata, humchambua, hupumzika ubavuni pake. Sababu ni kwamba mtoto yuko hatarini mikononi mwa madume wageni. Yakichezwa mayowe ya jike huyo, dume rafiki huinuka na kutazama kwa nguvu kuliko madume wengine. Mtoto akifa, dume huacha kujali kilio cha mama. Yaani urafiki ni wa kweli, ila una masharti.

Dume jipya likichukua kundi, nini hutokea?

Hapa ndipo mada inapokuwa chungu. Jike anayenyonyesha hapati mimba kwa urahisi. Dume ambalo utawala wake ni mfupi linapoteza muda kumsubiri amwachishe mtoto wa dume lililotangulia. Mtoto akifa, jike hurudi kwenye mzunguko mapema. Kuua watoto kumerekodiwa kwa languri wa India, kwa nyani wa kusini mwa Afrika, kwa gelada na kwa spishi nyingine. Sarah Hrdy, aliyewafuatilia languri wa Mount Abu, ndiye aliyeitetea maelezo haya wakati wengi walipoyaona kuwa ni wazimu wa msongamano.

Majike hawakai wakitazama. Huungana kumfukuza, hubadili marafiki, hukaa katikati. Gelada wa milima ya Simien wana jibu ambalo lilithibitishwa kwa homoni mwaka 2012: baada ya dume jipya kushika hatamu, majike wengi wenye mimba huziharibu. Ni hesabu kali ya mwili. Kuendelea kubeba mimba ya mtoto atakayeuawa ni hasara juu ya hasara.

Madume huungana?

Huungana, hasa wale wasioweza peke yao. Jike wa nyani akikaribia kushika mimba, ngozi ya makalio yake huvimba na kuwa nyekundu. Nyani haoni kundule, lakini wenzake wanaliona tangu mbali. Dume la juu humganda jike huyo kwa siku kadhaa, likila kidogo. Craig Packer aliwaona nyani wa Gombe, Tanzania, wakilikabili dume hilo wawili wawili: mmoja humgeuzia mwenzake kichwa haraka, jicho kwa mwenzake kisha kwa mpinzani, akimwomba msaada. Katika ripoti yake ya 1977, waliotoa msaada mara nyingi ndio pia waliosaidiwa mara nyingi.

Makaki wa Barbary, wale wa kaskazini mwa Afrika, wana njia ya ajabu zaidi. Dume humbeba mtoto mchanga, humpeleka kwa dume lingine, wanakaa wakimshika kati yao na kutatarisha meno kwa sauti. Mtoto ni tiketi ya kumkaribia mtu ambaye bila tiketi angekuuma.

Baada ya kupigana wanapatana? Nitathibitishaje?

Wengi hupatana, na mara nyingi ndani ya dakika chache. Nyani mkubwa aliyemfukuza mdogo humrudia na kumkoromea kwa upole, na mkoromo huo peke yake unatosha: majaribio ya spika yameonyesha kwamba aliyepigwa akiusikia huanza tena kumsogelea mkubwa bila woga. Makaki hukumbatiana, hupandana kwa kifupi, hushikana makalio. Spishi zinatofautiana sana: rhesus hupatana kwa nadra, makaki mkia-kisiki mara nyingi. Frans de Waal aliwaweka rhesus wachanga pamoja na mkia-kisiki kwa miezi mitano, nao rhesus wakaongeza upatanisho wao na kuendelea nao hata walipotenganishwa. Tabia ambayo ilidhaniwa ni ya damu ilibadilika kwa kukaa na wenye adabu.

Kuthibitisha kunahitaji subira. Ugomvi ukiisha, mfuate aliyepigwa kwa dakika 10 na andika dakika ambayo anagusana kwa amani na aliyempiga. Kesho, saa ile ile, wakiwa hawajagombana, mfuate tena kwa dakika 10. Kama leo wamegusana mapema kuliko kesho, hesabu jozi hiyo upande wa kupatana. Kesho wakitangulia, ihesabu kinyume. Ukikusanya jozi nyingi utaona mwelekeo. Bila siku ya kulinganisha utaita "upatanisho" hata ile hali ya wawili ambao siku zote hukaa pamoja.

Angalia pia upande wa giza. Aliyepigwa anaweza kumgeukia wa tatu asiye na hatia na kumpiga, na hii hutokea sana. Tumbili huenda mbali zaidi: baada ya A kumpiga B, ndugu wa B huongeza uwezekano wa kuwatisha ndugu wa A. Ugomvi unahamia kwenye koo.

Kuwa juu kuna faida gani kiafya?

Kuna faida na kuna gharama. Huko Amboseli dume namba moja lilikutwa na testosteroni (homoni ya kiume) nyingi, hilo lilitarajiwa, lakini pia homoni nyingi za msongo kuliko dume namba mbili (matokeo ya 2011). Kukesha juu ya majike na kupigana kila siku kunamaliza mwili. Wakati huo huo majeraha ya madume wa juu hupona haraka zaidi.

Kwa majike, kinachobeba uzito ni uhusiano. Mwaka 2003 Joan Silk, Susan Alberts na Jeanne Altmann walichapisha takwimu za miaka 16 za Amboseli: majike waliochangamana zaidi na wenzao walikuwa na watoto wengi zaidi waliofikisha mwaka mmoja, bila kujali cheo cha mama. Kwa nyani wa Okavango, jike akifiwa na ndugu wa karibu homoni zake za msongo hupanda, naye hujibu kwa kuongeza idadi ya anaowachambua. Anatafuta wa kuziba pengo.

Tabia ya kundi zima inaweza kubadilika?

Inaweza. Karibu na Masai Mara, Robert Sapolsky alikuwa akifuatilia kundi la nyani ambalo madume wake wakali walikwenda kugombea mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu iliwaua. Waliobaki walikuwa majike na madume wapole. Miaka mingi baadaye, madume wote wakiwa wahamiaji wapya, kundi lilikuwa bado na uonevu mdogo na uchambuzi mwingi.

Mfano wa pili ni kisiwa cha Cayo Santiago, Puerto Rico, ambako rhesus zaidi ya 400 kutoka India waliachiliwa mwaka 1938. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiling'oa miti mingi na kivuli kikawa mali adimu. Ungetarajia vita. Badala yake kima hao walivumiliana zaidi na kuongeza idadi ya wenzao wa karibu, na waliovumilia kukaa na wengine kivulini ndio waliokuwa na nafasi bora ya kuishi.

Kuna kima wasio na ubabe huu?

Wapo. Muriki wa kaskazini, wa Brazili, madume hubaki nyumbani, majike huhama, na salamu yao ni kukumbatiana huku wananing'inia. Titi, kima wadogo wa Amerika Kusini, huishi wawili wawili na hulala wamesokota mikia. Kwa marmoseti, wadogo zaidi wa huko huko, ni jike mmoja hasa anayezaa, kwa kawaida mapacha, na baba na wasaidizi huwabeba. Majike wengine mara nyingi hawapevushi mayai wakiwa chini yake, kwa hiyo utulivu wao usiusome kama usawa.

Kwa upande mwingine kuna nyani hamadriasi, ambao dume huchunga majike wake kama mali na humwuma shingoni anayebaki nyuma. Hans Kummer aliieleza jamii yao nchini Ethiopia: familia za dume mmoja, familia zikiungana ukoo, koo zikiungana bendi, na bendi kadhaa zikilala kwenye jabali moja.

Tunataka kumwingiza kima mpya kwenye kundi la kituo chetu. Tufuate hatua gani?

Kwanza karantini, siku 30 au zaidi, pamoja na vipimo vya kifua kikuu na minyoo. Kisha mpe chumba ambacho atawaona na kuwasikia wengine bila kuwafikia, kwa siku kadhaa. Akila, akilala na akikaa mbele badala ya kona ya nyuma, msogeze kwenye wavu wa pamoja. Matundu yapitishe vidole tu, mkono usipite, la sivyo utaokota vidole. Subiri uone kupigapiga midomo, kugeuziana makalio, kuchambuana kupitia wavu. Kurukia wavu kila mara, manyoya kusimama na kuhara kunamaanisha bado.

Usimwachie kundi zima siku moja. Mpe mwenza mmoja mtulivu wa cheo cha kati. Wakishapatana ongeza wa pili, na kadhalika, ili siku ya kuingia kwenye kundi awe na wa kumtetea. Fanya asubuhi, wakiwa wameshakula, wafanyakazi wote wakiwepo. Weka chakula sehemu nyingi kuliko idadi ya kima. Kila chumba kiwe na milango miwili: banda lenye kona ya mwisho ndilo linaloua, kwa kuwa anayefukuzwa akifika ukutani hana ishara nyingine ya kutoa. Weka pia vizuizi vya kuficha macho, maana asiyeonekana hafukuzwi.

Kelele na kukimbizana si sababu ya kuwatenganisha, na kila utenganisho hurudisha mashindano mwanzo. Tenganisha mmoja akilaliwa chini na wengi, akipata jeraha la kina, au akinyimwa kupumzika na kunywa maji. Tahadhari nyingine inawahusu wenyeji: usimtoe jike wa juu kwa matibabu ya wiki nyingi bila sababu nzito. Ukoo wake unaweza kupinduliwa akiwa hayupo, na siku ya kurudi kwake ndiyo siku ya damu. Anayehudumia makaki avae glavu na kinga ya macho, kwa sababu hubeba virusi vya herpes B, ambavyo kwa binadamu vinaweza kuua.

Na nikimfuga mmoja peke yake nyumbani?

Usifanye hivyo. Kima aliyekua bila wenzake hajui kutoa wala kusoma ishara zote zilizoelezwa hapo juu. Hujiuma, hujing'oa manyoya, hujitikisa mbele na nyuma. Akishabalehe atakupima cheo kwa meno, akianza na mtoto wa nyumba. Na kumrudisha kundini baadaye ni kazi ya miezi, ambayo wakati mwingine haifaulu.

Nikiwakuta wanagombana njiani nifanye nini?

Simama, geuza uso pembeni, usiwakodolee macho wala kuwatabasamia kwa meno. Kama una chakula mkononi kiweke mfukoni kabla hawajakiona. Usijiingize kati ya mama na mtoto, na usimchukue mtoto anayelia peke yake, maana kundi zima linakusikiliza. Rudi nyuma taratibu ukiwaachia njia ya kupita. Ukikimbia, umeshajibu swali la nani mkubwa.